Bodi Ipi kwa Injini Yako?

Mtu akishaamua kuachana na kontroli boksi ya kiwandani na kujitengenezea ya kwake, swali lake la kwanza huwa: toleo jipya kabisa ni lipi, nilinunue? Anaanzia pasipo. Bodi ya kompyuta ya injini haichaguliwi kwa ukubwa wa namba ya toleo. Huchaguliwa kwa kuangalia umeme gani unaingia kutoka kwenye injini na umeme gani unatakiwa kurudi huko. Ukishajua sensa ya kranki yako ni ya aina gani, nozeli zako zina omu ngapi na koili zako zinawashwa na nini, bodi zinazokufaa hubaki moja au mbili tu. Usipojua hayo, hata ya bei kubwa kuliko zote itakulaza gereji.

Nitaeleza zaidi kwa MegaSquirt, kazi iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001 na Bruce Bowling na Al Grippo kwa ajili ya watu wanaotaka kulehemu kompyuta ya injini kwa mikono yao. Mwishoni nitagusa Speeduino, ambayo siku hizi ndiyo inayokimbiliwa na wenye mfuko mwembamba.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowapotezea watu hela. Kwenye MegaSquirt kuna namba za aina mbili. MS1, MS2 na MS3 ni vizazi vya prosesa, yaani ubongo. V2.2, V3.0 na V3.57 ni matoleo ya bodi kuu, yaani mahali zilipo saketi za kupokea sensa, kuendesha nozeli na kulisha ubongo huo volti 5. Prosesa huchomekwa kwenye soketi ya pini 40 iliyo juu ya bodi. MS1 ni chipu ya biti 8 inayokwenda kwa megahezi 8; MS2 ni kadi ndogo ya biti 16 ya megahezi 24; MS3 inafika megahezi 50, tena inakuja na mlango wa USB na nafasi ya kadi ya SD ya kurekodi safari. Zote zinakaa kwenye soketi ile ile. Kwa hiyo unaweza kuanza na V3.0 yenye MS2, na ukipata fedha mwakani ukachomoa kadi na kuweka MS3, bodi ikabaki ile ile. Muuzaji akikuambia tu kwamba "hii ni MegaSquirt ya pili", mwulize: ya pili ya bodi au ya pili ya prosesa? Asipoweza kujibu, gharama ya kukosea itakuwa yako, si yake. Namba ya toleo la bodi imechapwa kwenye bodi yenyewe. Isome kwa macho yako kabla ya kutoa pesa.

Sasa funua boneti, maana kazi yenyewe iko huko.

Tafuta sensa inayosoma mzunguko wa injini. Inaweza kuwa mbele karibu na puli ya kranki, nyuma kwenye flaiwili, au imejificha ndani ya distribyuta. Hesabu waya zake. Zikiwa mbili, au mbili na ya tatu ya kukinga makelele, karibu kila mara hiyo ni sensa ya sumaku, ambayo wenye kazi hii huiita VR. Ndani yake kuna sumaku na koili ndogo tu. Chomoa plagi yake, weka mita kwenye omu, na utaona usomaji wa mamia kadhaa hadi elfu moja au mbili na kitu. Sensa hii haihitaji kulishwa umeme. Meno ya gurudumu yakipita mbele yake inazalisha wake, umeme unaopanda na kushuka kama wimbi. Taabu yake ni kwamba wimbi hilo hubadilika ukubwa kulingana na kasi. Stata inapozungusha injini polepole, huenda ukapata volti moja au chini yake. Injini ikikimbia zinafika makumi ya volti. Prosesa inaelewa sifuri na tano tu. Lazima pawe na saketi katikati ya kulibadilisha wimbi hilo liwe mapigo safi, na kuwepo au kutokuwepo kwa saketi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya bodi moja na nyingine.

Waya zikiwa tatu zinazofanya kazi, yaani moja ya kulishwa, moja ya ethi na moja ya ishara, hiyo ni Hall au ya mwanga. Usiipime kwa omu, haitakuambia lolote la maana na huenda ukaiumiza. Ilishe umeme wake, iwekee rezista ya kuvutia juu kwenye waya wa ishara, zungusha injini kwa mkono, na uone mita ikiruka kati ya sifuri na volti ulizoipa. Sensa ya namna hii karibu bodi yoyote inaipokea.

Magari yaliyojaa barabarani kwetu yanafuata mkumbo unaoeleweka. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye distribyuta, 4A-FE zikiwamo, zinatumia VR. Honda za distribyuta vivyo hivyo. Subaru EJ20 za zamani zina VR kwenye kranki. Nissan SR20 na RB zinatumia sahani yenye matundu 360 inayosomwa kwa mwanga, na Mitsubishi 4G63 za turbo za mwanzo nazo ni za mwanga. Hata hivyo pima. Injini za kubadilishwa zimechanganywa sana, distribyuta ya gari moja imevalishwa nyingine, na sensa zisizo za asili hazina idadi.

Kuna jambo la pili kuhusu sensa ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Distribyuta nyingi za Toyota zinatoa ishara mbili: NE, yenye meno mengi ya kuhesabu mzunguko, na G, inayosema silinda ya kwanza iko wapi. Kama gurudumu la NE halina jino lililokosekana, kompyuta inahitaji ishara zote mbili ndipo ijue ipo wapi. Bodi ya V3.0 ina saketi moja tu ya VR. Hiyo ya pili itabidi uijenge pembeni, au ununue MS3 pamoja na kadi yake ya nyongeza ya MS3X, ambayo ina njia ya kupokea sensa ya kemshafti. Mimi huwashauri watu wafunge gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja kwenye puli ya kranki, na sensa moja mbele yake. Fundi wa mashine ya kuchonga chuma analifanya hilo bila taabu, na ukilifanya unapunguza hitaji lako hadi bodi rahisi zaidi. Unapata pia usomaji usiotikiswa na ulegevu wa mkanda wa taiming na gia ya distribyuta.

Baada ya hapo, nozeli. Chomoa kila moja na upime omu kati ya pini zake mbili. Ukipata 12 hadi 16, hizo ni za omu kubwa, na kila moja itakula takriban ampea moja kwenye volti 14. Ukipata 2 au 3, kila moja inataka kula zaidi ya ampea 4, na ukizifunga nne bila kinga utachoma transista mapema asubuhi. Turbo za zamani ndizo zenye tabia hiyo: 4G63 za turbo na 3S-GTE za kizazi cha pili zilikuja na boksi la rezista kiwandani. Kama boksi hilo bado lipo kwenye gari, liache lilipo na lifanye kazi yake.

La mwisho ni koili. Koili ya pini mbili haina transista ndani. Inahitaji kitu cha nje cha kuikata na kuiunga. Koili za Toyota zinazokaa juu ya plagi, zenye pini nne, zina iginaita yake ndani na zinataka ishara ndogo tu ya volti 5. Ukiziunganisha hizo mbili kinyume, moja haitawaka na nyingine itaungua.

Kwa majibu hayo mkononi, twende kwenye bodi zenyewe.

V2.2 ni ya kale, na siku hizi utaipata mtumba tu. Kila sehemu yake ni ya miguu mirefu inayopita kwenye tundu, rahisi kulehemu na rahisi kutengeneza. Lakini haina saketi ya VR, haina transista ya kuendesha koili, na kwa nozeli za omu ndogo watu walilazimika kuiongezea kibodi cha pembeni. Ilibuniwa kusoma kasi kutoka upande wa hasi wa koili na kudhibiti mafuta, taiming ikibaki kwa distribyuta. Kama unageuza injini ya kabureta iwe ya nozeli na distribyuta yake inajiendesha yenyewe, itakutosha. Kwa kazi nyingine yoyote, hata ukipewa bure, jasho la kuirekebisha litazidi thamani yake.

V3.0 ndiyo ningemwambia mtu mwenye pasi ya kulehemu na subira aichukue. Nayo ni ya miguu mirefu, ila imeongezwa vile ambavyo V2.2 ilikosa: saketi ya VR, saketi ya Hall na ya koili, kinga ya nozeli inayoweza kupunguza ampea kwa zile za omu ndogo, na nafasi ya transista kubwa, BIP373 kwa kawaida, inayoweza kuwasha koili moja moja kwa moja. Saketi zote za kusoma kasi zipo pamoja. Wewe ndiye unayechagua kwa vipande vya waya. Kwa VR unaunga TACHSELECT na VRIN, kisha TSEL na VROUTINV. Kwa Hall au ya mwanga unaunga TACHSELECT na OPTOIN, kisha TSEL na OPTOOUT. Vipande viwili vya waya, visivyozidi urefu wa kucha, ndivyo vinavyoamua injini itawaka au itazunguka tu. Ukiona bodi ya mtumba, hapo ndipo pa kutazama kwanza, maana patakuonyesha mwenyewe wa kwanza aliifungia injini gani.

Karibu na saketi hiyo kuna rezista mbili za kuzungusha kwa bisibisi ndogo, R52 na R56. Zinapanga kiwango ambacho wimbi la VR lazima lifikie ndipo lihesabiwe. Anza kwa kuzizungusha zote kinyume cha saa hadi mwisho, mizunguko kama 12, na utakuwa mahali pazuri kwa sensa nyingi. Na kama gari linawaka vizuri lakini taiming inatembea yenyewe kadiri kasi inavyopanda, usikimbilie kuzungusha hizo. Badilisha kwanza waya mbili za sensa zikae kinyume. VR ina upande wake, na ikifungwa vibaya kompyuta inasoma mahali wimbi linapopanda taratibu badala ya mahali linapokatika ghafla.

Ukitaka koili zaidi ya moja kwenye V3.0, njia iliyozoeleka ni kuchukua ishara zinazowasha zile taa tatu za mbele, D14, D15 na D16, na kuzigeuza ziwe za kuendesha iginaita za nje. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini ni marekebisho ya kulehemu, na kila marekebisho yaandike kwenye karatasi uibandike ndani ya boksi. Fundi rewaya atakayelifungua baada yako hataona kwenye mchoro wowote wa kiwandani kwamba taa ya D14 sasa ni koili ya silinda ya 1 na ya 4.

V3.57 ni V3.0 iliyotengenezwa na mashine. Sehemu zake ni zile ndogondogo zilizobandikwa juu ya bodi, inauzwa ikiwa imekamilika, na uchaguzi wa VR au Hall unafanywa kwa jampa za kuchomeka badala ya waya wa kulehemu. Huna cha kulehemu ili ianze kazi. Kwa mtu anayetaka gari, si mradi, hiyo ni faida kubwa. Ubaya wake unaonekana siku ya matengenezo. Kwenye V3.0 transista ikiungua unaibadilisha mezani kwa pasi ya kawaida, kwenye V3.57 sehemu nyingi zinahitaji pasi ya hewa ya moto na mkono usiotetemeka. Mafundi simu wa Kariakoo au Luthuli wanaweza kazi hiyo kila siku, ila mpe mchoro, na mwambie asiguse kitu kingine.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, usiulize ipi ina nguvu zaidi, kwani kwa injini hazitofautiani. Jiulize nani ataitengeneza, na utaipata wapi nyingine ikifa. Gharama ya kusafirisha na ushuru inaweza kukaribia bei ya bodi yenyewe, hivyo agiza kwa mara moja pamoja na kadi ya prosesa, waya wa kiunganishi cha pini 37, transista za akiba na kifaa cha kuigiza injini mezani. Hicho cha mwisho, JimStim ndicho kinachojulikana zaidi, wengi hukiona ni anasa. Mimi nakiona cha lazima kuliko bodi ya gharama.

Kama unataka kila nozeli ipige kwa zamu yake na kila silinda iwe na koili yake, bodi kuu peke yake haikutoshi, iwe V3.0 au V3.57. Zote mbili zina njia mbili tu za nozeli. Hapo ndipo MS3X inapoingia: inaleta njia nane za nozeli na nane za koili, na inakaa ndani ya boksi lile lile juu ya bodi kuu. Kwa injini ya silinda nne ya kwendea kazini, kupiga kwa zamu kunaboresha utulivu wa sailensa na mafuta kidogo ukiwa kwenye kasi ya chini. Nguvu haiongezi kwa kiasi utakachokihisi mgongoni. Usilipe kwa ajili ya jina.

Speeduino ni habari nyingine. Ilianzishwa Australia na Josh Stewart, programu na michoro yake ni huria, na ubongo wake ni Arduino Mega 2560 ile ile wanayochezea wanafunzi wa vyuo. MegaSquirt haiko hivyo. Programu yake imeruhusiwa kutumika kwenye bodi halali tu, kwa hiyo bodi ya bei ya kutupa isiyojulikana ilikotoka iachie wengine. Kwenye Speeduino unaweza kupeleka faili kiwandani uchapiwe bodi tupu kihalali kabisa.

Matoleo utakayoyakuta zaidi ni ya mfululizo wa v0.3 na v0.4. La v0.3 lina vibanio vya skrubu, zuri la kujifunzia na kuhamishahamisha waya mezani. Kwenye gari linalopiga rasta kila siku, skrubu hulegea. La v0.4 lina kiunganishi cha pini 40, njia nne za nozeli, njia nne za koili, sehemu ya kuchomeka kiendeshi cha mota ya sailensa, na jampa: JP1 huchagua koili zipewe ishara ya volti 5 au 12, JP2 na JP3 huchagua VR au Hall kwa kranki na kemshafti. Lina pokeo mbili, hivyo distribyuta ya Toyota yenye NE na G inaingia bila kuchonga chuma. Lakini saketi ya VR haimo. Kuna soketi ya pini 8 ya kuiweka, na moduli yenyewe unainunua kando. Mtu asiyejua hilo hufunga sensa ya VR, akaweka jampa sawasawa, na kompyuta ikabaki kimya. Njia za koili ni za ishara tu, si za kuunga koili moja kwa moja, na nozeli za omu ndogo zitataka rezista zake za nje.

Jambo moja la kijiografia, kwa kuwa tunaishi kati ya pwani na nyanda za juu. Bodi hizi hupima presha ya hewa ya manifoldi, na kwa kawaida husoma presha ya anga mara moja tu, unapowasha swichi kabla injini haijaunguruma. Mombasa itasoma takriban kilopaskali 101. Nairobi, mita 1,700 juu, itasoma kama 83. Ukiondoka Mombasa na kupanda hadi Nairobi bila kuzima, kompyuta bado inaamini iko ufukweni. Kama hiyo ndiyo njia yako, chagua bodi yenye mlango wa analogi ulio wazi, JS4 au JS5 kwenye V3.0 kwa mfano, ufunge sensa ya pili ya kupima anga wakati wote. Kwa wa Dar anayezunguka Dar, sahau.

Tena, kama gari ni la otomatiki na gia zake zinaendeshwa na kontroli boksi hiyo hiyo ya injini, simama kwanza. Hakuna bodi kati ya hizi itakayoendesha gia zako kwa kuchomekwa tu.

Bodi ikifika, usiipeleke kwenye gari. Kama unalehemu mwenyewe, jenga sehemu ya umeme peke yake, iwashe, na upime volti 5 kwenye soketi kabla prosesa haijakaribia bodi. Jenga mawasiliano, hakikisha kompyuta yako inaiona. MegaSquirt za MS1 na MS2 zinazungumza kwa mlango wa zamani wa pini 9, hivyo utahitaji waya wa kuugeuza kuwa USB, na ule wenye chipu ya FTDI ndio usiosumbua. Ndipo ujenge pokeo la kasi, uone mizunguko kwenye skrini kwa kutumia kifaa cha kuigiza, kisha nozeli, na koili mwisho kabisa. Koili usiiunge hadi umeshapakia programu na kuweka sawa upande wa ishara yake, kwani ukiukosea itabaki imewashwa mfululizo hadi ipasuke.

Boksi lenyewe lifunge ndani ya kabini, chini ya dashi au nyuma ya kiti. Haya si maboksi ya kuzuia maji, na mwosha magari hatakuuliza. Ethi zote za kompyuta zipeleke mahali pamoja kwenye bloku ya injini, si kwenye bodi ya gari. Ukiwasha mara ya kwanza, shika taa ya taiming, funga taiming kwenye programu iwe nyuzi 10, na uangalie alama ya puli. Inachosema skrini na inachosema puli visipokubaliana, zima, rekebisha, washa tena, kabla hujagusa jedwali la mafuta hata kidogo.